Gereji ya Wasomaji: Mikwaruzo na Kutu kwenye Rimu za Magari ya Zamani

Barua za safari hii zote ni za rimu, na malalamiko yanafanana: mkwaruzo wa ukingo wa barabara, vidoa vya kutu, rangi iliyobabuka. Dawa ndizo hazifanani. Rimu mbili zinaweza kuegemezwa ukutani pamoja, zote za rangi ya fedha, zote zimekwaruzwa. Moja ukaipiga msasa ikapona, nyingine ukaipiga msasa huohuo ukawa umeiharibu. Ndiyo maana karibu kila jibu hapa chini linaanza kwa kuuliza chuma hicho ni cha aina gani na juu yake kimepakwa nini.

Nina Mercedes-Benz 280E ya toleo la W123 yenye rimu za alumini za inchi 14, zile zenye mikunjo kama chombo cha kuokea keki. Mbili zimekwaruzwa mdomoni, yaani ukingoni mwa rimu, mkwaruzo wa urefu wa kidole. Fundi wa rangi anataka kujaza puti na kupuliza silva bila kutoa tairi. Nimkubalie? — Msomaji, Dar es Salaam

Hapana, si kwa utaratibu huo. Puti iliyowekwa mdomoni huku tairi limekaa palepale itabanduka siku fundi pancha atakapoingiza tairi liva. Na silva ikipulizwa juu ya nta na vumbi la breki itaanza kuachia yenyewe hata kabla ya siku hiyo.

Rimu zako za asili zilitengenezwa na Fuchs wa Ujerumani kwa kufuliwa (alumini ya moto hugongwa na kushindiliwa), si kwa kusubiwa (kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu). Alumini iliyofuliwa imeshikamana vizuri, haina vitundu vya hewa, kwa hiyo mikwaruzo yake husafishika bila shida. Geuza rimu utafute jina la mtengenezaji na vipimo upande wa nyuma. Za kuiga zipo nyingi, na nyingi kati yake ni za kusubu.

Kazi ya kwanza ni kuosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, brashi laini. Lami itoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha osha tena, ukaushe, ufute kwa spiriti. Usiguse msasa kabla ya hapo. Msasa ukipita juu ya grisi au ile dawa ya kung'arisha matairi yenye silikoni, huisukumia ndani ya mikwaruzo, na rangi itakuja kujikunja na kuacha vijishimo kama macho ya samaki.

Halafu pima ngozi ya rimu. Chukua dawa ya kung'arishia alumini, sugua sehemu iliyojificha kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikiwa cheusi, unagusa alumini tupu. Kikibaki safi, juu kuna klia (rangi angavu ya kumalizia) au kuna anodaizi (ngozi ya oksidi iliyooteshwa kwa umeme). Tone la thina kwenye pamba litakupa jibu la pili: rangi ya kopo la kawaida hulainika na kunata, ila rangi ya hadna, yaani iliyochanganywa na dawa ya kuigandisha iwe ngumu, ikishakauka vizuri haijali.

Kabla ya kurembesha, hakikisha rimu haina ufa. Gereji za zamani zina njia ya bei rahisi ambayo bado inafaa. Paka mafuta ya taa kuzunguka matundu ya boliti, kwenye mizizi ya mikunjo na mdomo wa ndani. Acha nusu saa. Futa mpaka pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki ya ubaoni. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa hurudi nje polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Mstari ukionekana, acha habari za puti, rimu hiyo haifai barabarani. Vilevile zungusha gurudumu likiwa kwenye habu uangalie kama linayumba. Mdomo uliopinda ni kazi ya fundi wa kunyoosha rimu, si ya fundi rangi.

Sasa mkwaruzo wenyewe. Toa tairi. Usipoweza, toa upepo wote, vunja kiti cha tairi (achanisha ukingo wa tairi na rimu), uingize kadi ngumu za plastiki kati ya mpira na mdomo kuzunguka eneo lote. Utakuta mkwaruzo una vijino vilivyosimama juu ya uso, na humo ndimo kidole hukatika. Viondoe kwa tupa laini iliyopakwa chaki, maana bila chaki alumini hujaza meno ya tupa na vipande vilivyonasa huanza kuchimba mifereji mipya. Vuta tupa kwa kufuata duara la mdomo, kamwe usikate kwenda ndani na nje. Ukimaliza, shika msasa namba 180, kisha 240, 320 na 400, umeuviringisha kwenye kipande cha mpira wa bomba la maji ili ushike umbo la mdomo. Kidole kikiwa peke yake nyuma ya msasa huchimba bonde ambalo macho hayalioni sasa, ila klia italionyesha. Panua eneo sentimita 2 au 3 kila upande, mpaka ukifumba macho na kupitisha ukucha usijue rangi ya zamani inaishia wapi.

Mkwaruzo usiozidi nusu milimita humalizika kwa msasa tu, na hiyo ndiyo tiba bora kuliko zote. Wa milimita 1 hivi unaweza kujazwa. Zaidi ya 2 mdomoni, ipelekwe kwa mtaalamu, kwa sababu hapo si urembo tena.

Kama ni lazima ujaze, tumia puti yenye unga wa alumini, na kwanza paka mkono mmoja (tabaka moja) wa praima ya epoksi ya hadna, uukwangue kidogo kwa msasa 240 ukishakauka. Usiweke puti ya poliesta juu ya praima yenye asidi, kwani asidi huzuia puti isikauke chini, na baada ya wiki kadhaa unapata malengelenge. Hadna ya puti ni asilimia 2 kwa uzito: gramu 100 za puti, gramu 2 za hadna. Mizani ndogo ya jikoni itakusaidia sana. Kwenye joto la Dar es Salaam usipite hapo, na changanya kidogo kidogo, kwa sababu ndani ya dakika 4 au 5 inakuwa ngumu ubaoni. Hadna nyingi haiharakishi kazi. Inaleta vitundu, na rangi yake hupanda mpaka juu na kutia doa kwenye silva.

Sehemu tatu hazipakwi puti hata chembe: pale tairi linapokalia, viti vya boliti, na uso wa nyuma unaoshikana na habu.

Baada ya puti kusawazishwa, funika eneo lote kwa epoksi, kisha praima ya kujazia mikono 2, msasa wa maji 600, umalizie 800. Silva ina chembe za alumini ndani, na mkwaruzo wa 400 utaonekana chini yake kama nywele. Puliza silva mikono 3 myepesi, kopo au bunduki ya rangi ikiwa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye rimu, dakika 10 kati ya mkono na mkono. Wanaokosea hapa hutaka kufunika kwa mkono mmoja mzito. Silva ikilowa sana, chembe huogelea na kukusanyika, na rimu inakuwa na mabaka meusi na meupe. Klia ya hadna mikono 2 inafuata.

Hiyo klia ya hadna ina isosayaneti. Kitambaa na barakoa ya vumbi havizuii kitu, na madhara yake ni pumu isiyotoka. Fundi asiye na barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba asiipulize, na wewe usisimame karibu ukimwangalia. Kwa kazi ndogo ya nyumbani klia ya kopo isiyo na hadna inatosha, ingawa haihimili petroli wala dawa kali za kuoshea.

Unyevu nao ni adui wa pwani. Ukipuliza saa 12 asubuhi rimu ingali baridi, umande usioonekana hukaa juu ya chuma na klia hugeuka na ukungu mweupe. Chuma kinatakiwa kiwe na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Kwa lugha ya gereji: subiri saa 4, rimu ikae nje ipate joto, lakini isiwe ya moto kwa jua.

Mwisho, boliti. Boliti za rimu za alumini za W123 ni ndefu kuliko za rimu ya chuma. Fupi kwenye alumini hazishiki nyuzi za kutosha, na ndefu kwenye rimu ya chuma huingia ndani sana na nyuma zinaweza kugonga viungo vya breki ya mkono. Kama spea yako ni ya chuma, weka seti ya boliti fupi kwenye buti. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, nyutoni mita 110, kwa mpangilio wa msalaba wa nyota, halafu kaza upya baada ya kilomita 50. Rangi iliyobaki kwenye kiti cha boliti hubanwa na kusagika, boliti ikabaki imelegea bila mtu kuifungua.

Land Rover Series III, magurudumu ya chuma inchi 16. Rangi imebabuka na kutu imekula kuzunguka matundu ya mapambo. Nipige mchanga au kuna njia nyingine? Na rangi ya asili ni ipi? — Msomaji, Iringa

Mchanga unafaa kwa chuma, mradi anayeupiga asikae mahali pamoja. Lakini kama mashine iko mbali, asidi ya sitriki ya unga itakufanyia kazi safi zaidi kwenye pembe. Kata pipa la lita 200 katikati, gurudumu la inchi 16 linalala humo vizuri. Toa tairi na tyubu, kwangua grisi na rangi iliyolegea. Mimina lita 50 za maji, changanya kilo 2 na nusu za sitriki, uzamishe gurudumu. Baada ya saa 6 litoe, sugua kwa brashi ya waya, lirudishe. Kutu ya kawaida huisha ndani ya saa 12 hadi 24. Usilisahau humo wiki nzima: asidi ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe.

Ukilitoa, suuza, pitisha maji yenye magadi soda kuua asidi, suuza tena, na ulikaushe haraka kwa moto wa mkaa kwa mbali au kwa jua kali. Hapa watu wengi hupoteza kazi yao. Chuma kitupu kilicholowa hupata kutu ya rangi ya chungwa mbele ya macho yako, ndani ya dakika chache. Kuna mahali maji hujificha, nayo ni pale sahani ya katikati inapokutana na duara la nje. Lilaze, liinue, ligonge kwa nyundo ya mpira, mpaka hakuna tone. Praima ya epoksi iingie saa ileile, na kwenye kiungo hicho ipake kwanza kwa brashi ili ipenye.

Pata mwanga uchunguze matundu ya nati. Kiti cha nati kikiwa kimelika hadi kupoteza umbo lake la koni, au kuna ufa kutoka tundu moja kuelekea jingine, gurudumu hilo lipumzike. Kutu ya mapambo na kutu ya viti vya nati ni magonjwa mawili tofauti.

Gari lako linatumia tyubu, kwa hiyo upande wa ndani, ambao hakuna atakayeuona, ndio unaotaka uangalifu zaidi. Magamba ya kutu husaga tyubu polepole mpaka ipasuke, na mwenye gari akalaumu tyubu. Laini hiyo sehemu kwa msasa 120, praima, rangi mkono mmoja, ikauke kabisa ndipo tyubu iingie.

Rangi: Land Rover nyingi za Series II na III zilitoka na magurudumu ya Limestone, nyeupe inayoelekea krimu, ileile ya paa. Ukichanganyiwa dukani, peleka kipande kilichofunikwa na jua kisikifikie, kwa mfano nyuma ya gurudumu la spea. Nyeupe ya friji inaonekana kwa mbali kwamba si yake.

Wengi huuliza rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri. Ni imara sana kwa magurudumu ya chuma, ila ni nene, mikroni 60 hadi 100, kwa hiyo mwoneshe mwokaji mahali pa kuziba: viti vya nati na uso wa habu. Huokwa kwenye nyuzi 180 hadi 200. Kwa alumini iliyotiwa ugumu kwa joto tungependa msiipeleke kwenye tanuri ambalo mwenyewe hana kipimo cha kuaminika, kwani joto likizidi au likidumu, ugumu wa alumini hupungua na jicho halitaona tofauti.

Vifuniko vya magurudumu vya Volkswagen Beetle yangu ni vya kromu. Vimeota vidoti vya kutu kama pilipili manga. Nimeambiwa nivisugue kwa ile asidi ya kuoshea choo. — Msomaji, Mombasa

Usijaribu, tafadhali sana. Asidi hiyo mara nyingi ni haidrokloriki, na ndiyo hutumika kuvua kromu viwandani. Utabaki na nikeli ya manjano.

Kromu ya mapambo ni nyembamba ajabu, kwa kawaida chini ya mikroni 1. Kinachozuia kutu kwa kweli ni nikeli iliyo chini yake, na chumvi ya bahari hupitia vitundu vidogo vya tabaka hizo mpaka kwenye chuma. Kila kidoti unachokiona ni mdomo wa kishimo. Kutu hutoka juu na kutambaa kwenye kromu nzima, kwa hiyo kifuniko kinaonekana kibaya kuliko kilivyo.

Chukua karatasi ya foili ya jikoni, ifinyange, ichovye kwenye maji, usugue kwa miduara midogo bila kukandamiza. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiachi mkwaruzo, lakini inatosha kunyanyua kutu. Utaona tope la kijivu, lifute, suuza, angalia, rudia. Kidoti kisichotoka kipake tone la sitriki iliyokolea kwa kijiti cha pamba, dakika 10, kisha maji. Maliza kwa nta ngumu ya gari, upande wa mbele na wa nyuma. Kwa gari linalolala karibu na bahari rudia nta kila mwezi, maana vitundu vile vimebaki wazi na nta ndiyo kizibo pekee.

Kromu ikiwa imeinuka kama ganda la yai na ukucha unapita chini yake, hakuna kusugua kutakakoisaidia. Hapo ni kuvua yote na kuchovya upya shaba, nikeli, kromu. Silva ya kopo inayouzwa kwa jina la kromu haitafanana na kromu hata siku moja. Kifuniko kizuri kilichotumika, kikipatikana, ni akili zaidi.

Nina MGB yenye rimu za spoki. Nataka kuipeleka Concours d'Elegance (mashindano ya uzuri wa magari) ya Ngong Racecourse. Spoki kadhaa zina kutu na silva imechoka. Nizitie kromu zote? — Msomaji, Nairobi

Magurudumu mengi ya spoki ya MGB yalitoka yamepakwa silva, na silva iliyopulizwa vizuri inalipendeza gari hilo. Kromu kwenye spoki ina hatari inayofichika. Wakati wa kuchovya, haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kama kuni kavu. Kiwanda makini huoka spoki kwenye nyuzi 190 hivi saa chache baada ya kuchovya ili gesi itoke. Kama anayekuchovyea hajui unazungumzia nini ukimwuliza habari ya kuoka, chukua spoki zako urudi nazo.

Kabla ya rangi, sikiliza. Ning'iniza gurudumu, gonga kila spoki kwa mpini wa bisibisi. Iliyokaza hulia "ting". Iliyolegea hutoa sauti iliyokufa. Gurudumu la kawaida la MGB lina spoki 60, kwa hiyo funga uzi ulipoanzia usije ukahesabu mara mbili. Chunguza hasa kile kikono kilichopinda cha spoki kinapoingia kwenye habu, kwa kuwa ndipo zinapokatikia. Kutu ya juu juu hutoka kwa brashi ya waya ya mkono. Spoki iliyochimbika kiasi cha ukucha kunasa ibadilishwe, haina bei ya kukufanya uihurumie.

Usikaze vinati vya spoki tairi likiwa limevaliwa. Ncha ya spoki hutokeza upande wa ndani na kutoboa tyubu. Baada ya kukaza, ncha zilizotokeza hupunguzwa kwa tupa, kisha ukanda wa mpira hufunika vinati vyote ndipo tyubu ikae. Na usibadilishe mvutano wa spoki nyingi kwa kukisia, gurudumu litayumba. Kazi hiyo ina stendi yake na fundi wake.

Kupuliza spoki ni kazi ya uvumilivu. Puliza kwa pembe, upande mmoja, geuza robo duara, puliza tena, na usitafute kufunika kwa mkono wa kwanza. Matone hukusanyika pale spoki mbili zinapopishana. Yafute mara moja kwa brashi kavu ya msanii. Ziba kwa tepu meno ya ndani ya habu na pande zake za koni. Rangi pale huzuia gurudumu kukaa sawasawa. Ukirudisha, paka meno grisi. Meno yaliyochongoka kama ya msumeno yamechakaa, na hiyo si kazi ya rangi.

Nati kubwa ya masikio mawili, ile inayofunga gurudumu katikati, huumizwa na nyundo ya chuma. Tumia nyundo ya shaba au ya risasi. Alama zilizopo zilainishe kwa tupa, usizijaze puti kwenye masikio yanayopigwa. Inafunguka kuelekea upande ambao gurudumu huzungukia gari likienda mbele, na mara nyingi mshale wake umechorwa juu ya nati yenyewe.

Nimenunua rimu 4 za Minilite za zamani, nyepesi sana, zimeota unga mweupe. Nizipige grainda? — Msomaji, Kampala

Weka grainda chini kwanza. Minilite za mwanzo, za miaka ya 1960, zilikuwa za magnesiamu. Baadaye zikaja za alumini zenye sura ileile. Magnesiamu ina uzito wa gramu 1.74 kwa sentimita ya ujazo, alumini 2.70, kwa hiyo wepesi uliouhisi ni dalili nzuri. Thibitisha kwa kukwangua sehemu ndogo ya nyuma mpaka metali ing'ae, udondoshe siki. Magnesiamu huchemka vipovu papo hapo, alumini hukaa kimya.

Kama imechemka, sheria zinabadilika. Vumbi la magnesiamu huwaka, na cheche moja ya grainda inatosha. Moto wake ukimwagiwa maji huongezeka. Fanya kazi kwa mkono, nje, msasa wa 180 na 240, zoa vumbi kidogo kidogo usiliache lirundikane, na ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Asidi yoyote ya kusafishia rimu ni marufuku. Metali ikishakuwa tupu isikae usiku kucha, kwani unga mweupe hurudi. Praima ya epoksi siku hiyohiyo, kisha rangi. Usiache sehemu wazi wala boliti za chuma zigusane na metali tupu mahali penye unyevu, kwa sababu magnesiamu ndiyo italiwa.

Zikaguliwe nyufa na mtaalamu mwenye vifaa kabla hazijafungwa kwenye gari linalokimbia. Magnesiamu ya umri huo imechoka, na tungependa uzitumie kwa maonyesho.

Porsche 911 yangu ina rimu za Fuchs. Moja ina mkwaruzo mdogo. Niung'arishe kwa mashine? — Msomaji, Muscat

Rimu za Fuchs zilizoanza na 911 S mwishoni mwa miaka ya 1960 zina anodaizi: ngozi ya oksidi iliyooteshwa kwenye alumini kwa umeme. Hiyo haipakiki kwa kiraka. Ukisugua mahali pamoja utafika kwenye alumini tupu yenye mng'aro wa kioo, na pembeni yake pamebaki mng'aro wa hariri, na doa hilo litaonekana kuliko mkwaruzo. Mkwaruzo mdogo kwenye rimu ya asili tungeuacha. Osha kwa sabuni isiyo kali, paka nta, kwa sababu chumvi ya pwani yenu huingia kupitia mwanya uliokwaruzwa. Ukiamua kurudisha upya, rimu zote 4 ziende pamoja kwa mtu anayevua anodaizi kwa soda kali na kuiotesha upya. Moja peke yake haitafanana na wenzake.

Rangi ikishakauka, nisubiri muda gani kabla ya kuvalisha tairi? — Msomaji, Dodoma

Rangi ya kopo isiyo na hadna, wiki 2. Ya hadna, siku 7 kwenye joto la kawaida. Kukauka kwa kidole hakutoshi: bonyeza ukucha sehemu ya nyuma, alama ikibaki bado ni laini ndani. Mwambie fundi pancha atumie mashine yenye vikinga vya plastiki kwenye kucha zake na apake maji ya sabuni mengi mdomoni. Kwa balansi, omba vile vizito vya kubandika upande wa ndani badala ya vya kugongelea, maana kibano cha kugongelea hukata klia mdomoni na kutu au unga mweupe huanzia hapohapo. Pale vinapobandikwa pafutwe kwanza kwa spiriti, la sivyo vitaruka kwenye rasta ya kwanza.